Unomalishe vipi fanksheni ya wimbi ya elektroni nyingi? Njia nne zikiwekwa bega kwa bega

Mwanafunzi anayeanza kemia ya kwanta hukutana na mkanganyiko huu mapema, na mara nyingi hakuna anayemfafanulia. Maelezo ya darasani yanasema fanksheni ya wimbi ikizidishwa kwa yenyewe na kupigiwa integrali lazima itoe 1; kuhakikisha hivyo ndiko kunomalisha. Programu aliyoiendesha usiku inamchapia kizigeu cha detaminanti ya kwanza (detaminanti ni mpangilio mmoja wa elektroni kwenye obitali) kuwa 1 kamili, kisha inaorodhesha vizigeu vingine chini yake, kwa hiyo jumla ya miraba inapita 1. Makala aliyopewa na msimamizi wake inasema msongamano wa elektroni wa molekuli ya maji, ukipigiwa integrali katika nafasi yote, unatoa 10. Anajiuliza nani amekosea.

Hakuna aliyekosea. Kuzidisha fanksheni ya wimbi kwa namba yoyote isiyo sifuri hakubadilishi hali ya molekuli. Mchele ni uleule ukiupima kwa kilo au kwa debe. Balaa huanza pale bei ya kilo inapolipiwa debe. Kwa hiyo swali la kujiuliza si njia ipi ni ya kweli. Jiulize: nataka kusoma namba gani, na kipimo kipi kitanipa namba hiyo bila kunizungusha?

Nitalinganisha njia nne: kunomalisha kikamilifu, unomalishaji wa kati, kuacha bila kunomalisha na kugawanya mwishoni, na kunomalisha msongamano kwa idadi ya elektroni. Kila moja nitaipima kwa mambo yaleyale: inakiweka nini kuwa 1 (au N, idadi ya elektroni), inakupa nini papo hapo, inakugharimu nini, inafanyaje mfumo ukikua, na inamfaa nani.

Mfano tutakaoutumia

Nachukua haidrojeni, H₂, viini vikiwa umbali wa bohr 1.4 (bohr ni kizio cha urefu cha atomi), kwa seti ndogo ya fanksheni za msingi iitwayo STO-3G. Kila atomi ina fanksheni moja ya 1s, na integrali ya mwingiliano kati ya hizo mbili ni S = 0.6593. Ukizijumlisha unapata obitali ya chini, na konstanti yake ni 1/√(2(1+S)) = 0.5489. Ukizitoa unapata obitali ya juu, na konstanti yake ni 1/√(2(1−S)) = 1.2114. Angalia tofauti ya hizo mbili: anayeandika 1/√2 kwa zote mbili, akisahau kwamba S si sifuri, anaharibu hesabu kabla hajafika kwenye elektroni ya pili.

Nishati ya Hartree-Fock, yaani ya kukadiria kwa detaminanti moja tu, hapa ni hartree −1.1167 (hartree ni kizio cha nishati cha atomi). Fanksheni kamili ndani ya seti hii ina detaminanti mbili tu: Φ₀, yenye elektroni zote mbili kwenye obitali ya chini, na Φ_D, yenye zote mbili kwenye obitali ya juu. Integrali inayoziunganisha ni K = 0.1813, na nishati ya Φ_D peke yake ni karibu 0.460. Jibu sahihi la mfumo huu mdogo ni −1.1373. Tutalifikia kwa njia zaidi ya moja, na tutaona mahali pa kuteleza.

Njia ya kwanza: kunomalisha kikamilifu

*Kinachowekwa kuwa 1.* Ni ⟨Ψ|Ψ⟩, yaani ukubwa wa fanksheni ya wimbi Ψ: uwezekano wote ukijumlishwa. Max Born alitoa tafsiri ya uwezekano mwaka 1926, na hii ndiyo sura yake ya moja kwa moja: elektroni zote N lazima ziwe mahali fulani.

Kwa elektroni nyingi kuna jambo la ziada. Elektroni hazitofautishwi, na fanksheni lazima ibadilishe alama mbili kati yake zikibadilishana nafasi. Detaminanti ambayo John Slater aliitumia mwaka 1929 inatimiza hilo, lakini ukiifungua ina vipande N!, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa 1 na kila kimoja kikiwa huru na kingine endapo obitali zako zinasimamiana, yaani integrali ya mwingiliano kati ya mbili tofauti ni sifuri. Ndiyo maana mbele yake huwekwa 1/√N!. Kwa elektroni mbili ni 1/√2. Kwa maji yenye elektroni 10, 10! ni 3,628,800, na kipeuo chake cha pili ni karibu 1,905.

Sharti la obitali kusimamiana ndilo linalosahaulika. Zisiposimamiana, ukubwa wa detaminanti pamoja na 1/√N! yake unakuwa detaminanti ya matriki ya mwingiliano, det S. Ukiweka elektroni mbili zenye spini moja kwenye zile 1s mbili za awali bila kuzichanganya, unapata 1 − 0.6593² = 0.5653, wala si 1. Wanaofanya kazi ya vifungo vya valensi, ile iliyoanzishwa na Heitler na London mwaka 1927, wanaishi na hesabu hii kila siku: kwao konstanti ya fanksheni ya H₂ ni 1/√(2(1+S²)).

Jihadhari pia na waandishi wanaotumia opereta ya antisimetri yenye 1/N! badala ya 1/√N!. Wana sababu nzuri: kwa 1/N!, ukiitumia opereta mara mbili ni sawa na kuitumia mara moja. Lakini zao linalotoka lina ukubwa wa 1/N!, na lazima urudishe √N! mwenyewe.

*Unachopata papo hapo.* Maana. Kila kizigeu kikipigwa mraba kinakuwa uzito. Kwa H₂ yetu, kizigeu cha Φ₀ ni 0.9936, na mraba wake ni 0.9873. Unasoma moja kwa moja kwamba asilimia 98.7 ya fanksheni imo kwenye detaminanti ya Hartree-Fock. Thamani tarajiwa ya opereta yoyote ni ⟨Ψ|O|Ψ⟩, basi, hakuna cha kugawanya. Momenti ya dipoli, uwezekano wa mpito kati ya hali mbili, yote yanatoka safi.

*Gharama.* Kwa CI (njia ya kuchanganya detaminanti nyingi), ambayo hutafuta vekta ya matriki ya Hamiltoni, ni ndogo sana: kompyuta inagawanya vekta kwa urefu wake. Kwa njia za CC (coupled cluster, zinazoandika fanksheni kama e^T juu ya Φ₀, T ikiwa opereta ya kuhamisha elektroni) ni jambo lingine kabisa, nalo nitalirudia chini.

*Mfumo ukikua.* Hapa pana mshtuko kidogo. Weka molekuli 100 za H₂, kila moja mbali na nyingine, zisizogusana. Uzito wa detaminanti ya kwanza unakuwa 0.9873 ikizidishwa yenyewe mara 100, yaani karibu 0.28. Zikiwa 1,000, unashuka hadi sehemu tatu hivi za milioni moja. Kila molekuli inaelezewa vizuri vilevile kama mwanzo, ila kizigeu kilichokuwa kinakuambia "Hartree-Fock inafaa" kimekufa. Kwa hiyo usilinganishe c₀ (kizigeu cha Φ₀) ya molekuli ndogo na c₀ ya molekuli kubwa ukadhani umelinganisha ubora.

*Inamfaa* anayefanya CI au hesabu za hali kadhaa kwa pamoja, anayetaka sifa za molekuli zaidi ya nishati, na kila anayefundisha kwa mara ya kwanza.

Njia ya pili: unomalishaji wa kati

*Kinachowekwa kuwa 1.* Ni ⟨Φ₀|Ψ⟩. Kizigeu cha detaminanti ya rejea kinashikiliwa kwenye 1, na vingine vyote vinapimwa dhidi yake. Ukubwa wa Ψ yenyewe unaachwa uwe utakavyokuwa. Ndicho kile programu ilichomchapia mwanafunzi wetu.

*Unachopata papo hapo.* Nishati, na kwa urahisi unaofurahisha. Kwa H₂, Ψ = Φ₀ + cΦ_D, na c = −0.1135. Nishati ya korelesheni, yaani tofauti ya jibu sahihi na Hartree-Fock, ni c × K tu: −0.1135 × 0.1813 = −0.0206. Ijumlishe na −1.1167, unapata −1.1373. Mistari miwili na penseli. Ukishakuwa na c, huhitaji tena nishati ya Φ_D wala ukubwa wa Ψ.

Hata kwenye molekuli kubwa kanuni hiyo inasimama: kwa obitali za Hartree-Fock, nishati yote ya korelesheni inatoka kwenye vizigeu vya kuhamisha elektroni mbili mbili peke yake, ingawa vya moja, tatu na nne vinavisukuma hivyo kwa nyuma. Ndiyo maana nadharia ya pertabesheni ya Møller na Plesset ya mwaka 1934, na njia za CC ambazo Jiří Čížek alizileta kwenye kemia mwaka 1966, zote zimejengwa juu ya sharti hili. Kwa CC halina mjadala: e^T ikitenda juu ya Φ₀ inaanza na 1 × Φ₀, basi unomalishaji wa kati umekuja wenyewe.

*Gharama.* Unalipa unapotaka kitu kingine zaidi ya nishati. Ukubwa wa Ψ kwa H₂ ni 1 + c² = 1.0129. Anayechukua vizigeu hivi na kukokotoa thamani tarajiwa bila kugawanya anapata −1.1519 badala ya −1.1373. Naomba usimame hapa kidogo, kwa sababu kosa hili ni la hatari kuliko linavyoonekana. Namba hiyo iko chini ya jibu sahihi la seti, lakini bado iko juu ya nishati halisi ya H₂ kwa umbali huu, ambayo ni karibu −1.1745. Haionekani kichaa. Inaonekana kama maendeleo! Tofauti yake na jibu sahihi ni hartree 0.0146, zaidi ya kilokalori 9 kwa moli, inayotosha kugeuza hitimisho la mmenyuko mzima.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Ukichukua vekta iliyonomalishwa kikamilifu kisha ukatumia kanuni ya ⟨Φ₀|H|Ψ⟩, unapata 0.9936 × −1.1373, yaani −1.1300. Kanuni na kipimo lazima vitoke nyumba moja.

Kwa CC kugawanya kwa ukubwa si suluhisho la vitendo, kwa sababu ⟨Ψ|Ψ⟩ ya e^T inafunguka kuwa mlolongo mrefu ambao kwa molekuli za kawaida haubebeki. Watu wa CC hutengeneza fanksheni ya pili ya upande wa kushoto, yenye opereta iitwayo Lambda, na kuweka zao la kushoto na kulia kuwa 1. Sifa zinatoka vizuri, ila unalipa kwa kutatua milinganyo mingine yenye ukubwa unaokaribiana na ile ya kwanza.

*Mfumo ukikua.* Hapa ndipo njia hii inapong'ara. Nishati ya korelesheni ya molekuli 100 zisizogusana inatoka mara 100 ya moja, mradi njia uliyochagua haijakata vizigeu vibaya. Ukubwa wa Ψ unapaa bila kikomo, lakini hauhitajiki. Brueckner mwaka 1955 na Goldstone mwaka 1957 walionyesha kwamba vipande vinavyotokana na ukubwa huo hufutana na vipande vingine visivyoungana, vikabaki vile tu vinavyokua sambamba na mfumo.

Inapokwama ni pale Φ₀ inapopoteza nafasi yake. Vuta atomi mbili za H₂ mbali sana: c inaelekea −1, na detaminanti zote mbili zina uzito sawa. Bado hesabu inasimama, ila kuita mojawapo "rejea" kumekosa maana. Kwa hali iliyosisimka yenye simetria tofauti na Φ₀ ni mbaya zaidi: ⟨Φ₀|Ψ⟩ ni sifuri, na sifuri haiwezi kupimwa upya ikawa 1. Itabidi uchague rejea nyingine.

*Inamfaa* anayetafuta nishati ya hali ya chini kabisa ya molekuli yenye tabia njema, kwa MP2 (pertabesheni ya Møller na Plesset ya daraja la pili), CCSD (CC yenye uhamisho wa elektroni moja moja na mbili mbili) na ndugu zao, hasa molekuli ikiwa kubwa.

Njia ya tatu: kuacha bila kunomalisha, kisha kugawanya

*Kinachowekwa kuwa 1.* Hakuna. Unaandika nishati kama ⟨Ψ|H|Ψ⟩ juu ya ⟨Ψ|Ψ⟩, na konstanti yoyote inakatika juu na chini. Kwa H₂ yetu, −1.1519 ÷ 1.0129 inarudisha −1.1373 ileile.

*Unachopata papo hapo.* Uhuru wa umbo la fanksheni. Hii ndiyo njia ya Monte Carlo ya variesheni, inayokokotoa kwa nukta za bahati nasibu. Tuseme unataka kuizidisha detaminanti ya Slater kwa kipande chenye umbali kati ya elektroni na elektroni, mfano wa kile cha Jastrow. Integrali ya ukubwa wake kwa maji iko katika vigeu 30, vitatu kwa kila elektroni. Ukiweka nukta 10 tu kwa kila kigeu unahitaji nukta 10³⁰. Haiwezekani. Lakini mbinu ya Metropolis ya mwaka 1953 haiulizi ukubwa: inahamisha elektroni na kuuliza uwiano wa |Ψ|² mpya kwa ya zamani. 1/√N! inakatika, na konstanti usizozijua zinakatika nazo. Nishati ya papo, HΨ ÷ Ψ, nayo haijali konstanti. Mitandao ya neva inayoandika fanksheni za wimbi, kama FermiNet na PauliNet za mwaka 2020, inasimama juu ya uhuru huu.

*Gharama.* Jibu lina kelele za takwimu, na kelele hizo hupunguzwa kwa muda wa kompyuta. Pia thamani ya Ψ kwenye nukta moja inaweza kuwa ndogo au kubwa kupita kiasi cha kompyuta kuishika, kwa hiyo hifadhi logi ya |Ψ| pamoja na alama yake. Tatizo kubwa zaidi ni hali mbili kwa pamoja: mwingiliano kati yake na uwezekano wa mpito vinadai uwiano wa ukubwa wake, na ule ulioukwepa unakurudia mlangoni.

*Mfumo ukikua.* Mgawanyo wenyewe hauna shida. Ubora unategemea umbo ulilochagua.

*Inamfaa* anayetumia Monte Carlo, au anayejaribu umbo jipya ambalo integrali yake haina jibu la karatasi.

Njia ya nne: kunomalisha msongamano kwa N

*Kinachowekwa.* Msongamano ρ(r), ambao ni N ikizidishwa kwa integrali ya |Ψ|² juu ya elektroni zote isipokuwa moja. Ukiupigia integrali unatoa N: 2 kwa H₂, 10 kwa maji. Nadharia ya Hohenberg na Kohn ya 1964, na milinganyo ya Kohn na Sham ya 1965, vinazungumza lugha hii.

*Unachopata papo hapo.* Idadi ya elektroni, kitu ambacho mkemia anakiona kwa macho ya akili. Idadi kwenye obitali za H₂ ni 1.9746 na 0.0254, jumla 2. Ukijenga msongamano kwa vizigeu vya unomalishaji wa kati bila kugawanya, jumla inakuwa 2.0258. Molekuli ya haidrojeni haina elektroni 2.0258, kwa hiyo hiki ni kipimo rahisi mno cha kukamata kosa la sehemu iliyopita.

*Gharama.* Fanksheni ya wimbi yenyewe haipo tena mkononi, na nishati ya elektroni kusukumana inahitaji ama fanksheno la kukadiria ama matriki ya msongamano ya elektroni mbili. Na hapo kuna desturi zinazopishana. Per-Olov Löwdin, mwaka 1955, alihesabu jozi: jumla ya ulalo ni N(N−1)/2. McWeeny alihesabu jozi zenye mpangilio: N(N−1). Kwa maji ni 45 au 90. Wengine huweka 1.

*Mfumo ukikua.* Msongamano wa vitu viwili visivyogusana ni jumla ya misongamano yao. Hakuna kinachopaa wala kinachokufa.

*Inamfaa* anayefanya DFT (nadharia hiyo ya msongamano), anayechambua chaji za atomi, na anayehamisha matokeo kutoka programu moja kwenda nyingine.

Uchague vipi, kulingana na kazi yako

Unajifunza kwa mara ya kwanza, au unaandaa mazoezi ya wanafunzi: anza na kunomalisha kikamilifu, kwa elektroni mbili, kwa mkono. Mtu akishaifungua detaminanti ya 2 × 2 na kuona 1/√2 inatoka wapi, √N! haimtishi tena.

Unataka nishati tu, na uzito wa detaminanti ya kwanza uko juu: kaa na unomalishaji wa kati. Usijisumbue kutafuta ukubwa wa Ψ.

Unatumia sahihisho la Davidson juu ya CISD (CI inayoishia kwenye uhamisho wa elektroni moja moja na mbili mbili): rudi kwenye unomalishaji kamili kabla ya kusoma c₀, kwa kuwa sahihisho ni (1 − c₀²) ikizidishwa kwa nishati ya korelesheni. Ukiweka c₀ = 1 kutoka kwenye chapisho la programu, sahihisho linakuwa sifuri, nawe hutaonywa.

Unataka dipoli au nguvu juu ya viini kutoka CCSD: tumia msongamano wenye Lambda uliomo kwenye programu yako, usijitengenezee kwa kugawanya.

Unavunja kifungo, au una hali kadhaa zilizosisimka: unomalishaji kamili, na rejea ya detaminanti nyingi.

Umbo lako lina umbali kati ya elektroni na elektroni, au ni mtandao wa neva: acha bila kunomalisha.

Unachukua matriki ya elektroni mbili kutoka programu moja kuipeleka nyingine: jumlisha ulalo kwanza. Programu ya PySCF, kwa mfano, ikijumlisha spini, inatoa N(N−1), na ndiyo maana nishati yake ina nusu mbele ya kipande cha elektroni mbili. Ukipata 90 kwa maji, weka nusu. Ukipata 45, usiiweke.